Sura ya Sita: Nimwite Tuzungumze, au Nimwandikie Barua?

Wakuu wa shule huulizana swali hili wakikutana kwenye vikao vya wilaya au kwenye benchi la nje ya ofisi ya elimu wakisubiri kuonana na bosi: mwalimu wangu ameanza kunipinga mbele ya wenzake, je, nimwite tuzungumze, au nimwandikie barua ya kujieleza? Barua ya kujieleza ni ile inayomtaka mtumishi aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua. Walimu wana namna yao ya kuisema: fulani kalimwa barua.

Swali ni zuri, ila lina jingine linalolitangulia. Kabla ya kuchagua kati ya mazungumzo na barua, mkuu ajiulize katika ugomvi huo yeye ni nani. Ni mwamuzi, au ni mmoja wa wagombanao? Wengi wetu tumezoea kumwona mkuu wa shule kama hakimu anayeketi juu ya ugomvi wa wengine. Lakini ukikaa na walimu, wazazi na wanafunzi wa Korogwe na Handeni ukawasikiliza, utagundua kwamba katika migogoro mingi mkuu mwenyewe ni upande mmoja. Ndiye aliyepanga ratiba, ndiye aliyetia saini matumizi, ndiye aliyetangaza mchango. Mtu hawezi kuwa mshitakiwa na hakimu katika kesi moja, na hapo ndipo wakuu wengi wenye nia njema wanapokwama.

Ugomvi unatoka wapi

Tuanze na nchi yenyewe. Korogwe ina shule za tambarare kando ya mashamba ya mkonge ya Ngombezi na Magunga, na ina shule za milimani, tarafa ya Bungu, kwenye baridi na mashamba ya chai ya Ambangulu na Dindira. Ukipita Segera kuelekea Mkata, au ukikata kwenda Chanika, uko Handeni, na huko habari kubwa ni maji. Mradi wa zamani wa HTM unayavuta maji ya mto Pangani kutoka upande wa Korogwe kuyapeleka Handeni, na kwa miaka mingi wilaya hiyo imejua maana ya kununua maji kwa ndoo.

Sasa mfikirie mtoto wa darasa la tano anayeambiwa aje na dumu la maji kila asubuhi. La Jumatatu ni la kumwagilia miti, la Jumanne ni la choo, la Jumatano ni la nyumbani kwa mwalimu. Siku ya nne mama yake anauliza: mwanangu anakwenda kusoma au kumchotea mwalimu maji? Mtoto anaacha kubeba dumu, anaadhibiwa, mama anafika shuleni. Kwenye daftari la matukio itaandikwa utovu wa nidhamu, na hakuna mtu atakayeandika maji.

Chanzo cha pili ni jinsi shule zilivyoongezeka. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, uliotesha sekondari za kata kila upande wa nchi kwa muda mfupi, na kila shule mpya ilihitaji mkuu. Wengi walitolewa darasani. Walikuwa hodari wa hisabati au Kiswahili, lakini hawakuwa wamefundishwa kukaa katikati ya watu wawili wenye hasira. Ipo taasisi ya kazi hiyo, ADEM ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1979 kwa jina la MANTEP kwa ajili ya mafunzo ya uongozi wa elimu. Tatizo ni kwamba cheo huweza kufika kabla ya mafunzo.

Cha tatu ni fedha. Mwaka 2016 serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne na kuanza kupeleka ruzuku moja kwa moja shuleni: shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, sehemu yake ikitengwa kwa ajili ya vitabu. Mwaka huohuo ikaja posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na 250,000 kwa mkuu wa sekondari. Ni haki yao na kazi ni nzito. Lakini mwalimu wa kawaida aliyelemewa na madaftari ya kusahihisha, huku akiazima chaki kwa jirani, anaona posho inaingia upande mmoja na haoni hesabu ya ruzuku. Hasemi kitu kikaoni. Anasema chini ya mwembe, na hapo makambi yanazaliwa.

Kwa ufupi: ugomvi wa shuleni mara nyingi huja na jina lisilo lake. Unaitwa nidhamu, dharau au majungu, na ndani yake mna maji, ratiba, heshima au fedha.

Nguvu kwa nguvu

Watu wa nchi hii walilifikiria jambo hili zamani sana. Wasambaa waliamini kwamba wenye mamlaka wakishindana, nguvu kwa nguvu, nchi huharibika: mvua hukatika na njaa huingia. Historia iliwaonyesha wazi. Baada ya Kimweri ye Nyumbai kufariki miaka ya 1860, mjukuu wake Shekulwavu alikaa Vuga mlimani, naye Semboja, mwana wa Kimweri, akashika Mazinde, chini uwandani, kwenye njia ya misafara, eneo ambalo leo ni la Korogwe. Walishindana, na waliolipa ni watu wa kawaida, waliotekwa na kuuzwa.

Dawa waliyoiamini wazee ilikuwa kuwa na mkubwa mmoja mwenye nguvu kuliko wote, na wakuu wengi wa shule bado wanaitegemea dawa hiyo. Nadhani wazee walipatia nusu. Shule yenye mkuu na makamu wanaotoa amri mbili tofauti mstarini inaumiza watoto, hilo halina ubishi. Saini iwe moja. Lakini saini kuwa moja si sababu ya kauli nazo kuwa moja, na mkuu anayezima kila sauti isipokuwa yake anauhamisha tu ugomvi kutoka kikaoni, anakouona, kwenda kwenye nyumba za walimu, asikoweza kuuona.

Dirisha la chumba cha pili

Mwaka 1925, huko Marekani, mama mmoja aitwaye Mary Parker Follett alitoa mhadhara kuhusu ugomvi unaojenga. Hakuwa mtu wa nadharia tupu. Kwa miaka mingi alifanya kazi Boston ya kufungua majengo ya shule jioni ili watu wa mtaani, wengi wao wahamiaji maskini, wapate mahali pa kukutana na kujifunza. Ugomvi wa watu aliujua kwa karibu.

Alisema kuna njia tatu za kuumaliza. Ya kwanza ni mmoja kumshinda mwingine. Ya pili ni kila mmoja kuacha kidogo, na wote wawili kuondoka na kinyongo. Ya tatu, aliyoipenda, ni kutafuta kila mmoja anataka nini hasa, kisha kubuni njia inayowapa wote. Alitoa mfano wa maktaba. Yeye alitaka dirisha lifungwe, msomaji mwenzake alitaka liwe wazi. Wakafungua dirisha la chumba cha pili. Mwenzake alikuwa akitafuta hewa, na Follett alikuwa akikwepa upepo usimpige moja kwa moja. Hakuna aliyeshindwa.

Tulete jambo hilo kwenye uji wa shule. Tuseme kijiji kimoja cha Handeni, mwaka wa mvua haba. Mwalimu mkuu anataka kila mzazi alete debe moja la mahindi. Wazazi wanakataa, na wanakumbusha kwamba Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima. Mwalimu anasema wazazi hawajali, wazazi wanasema mwalimu anakula michango. Njia ya kwanza ni kuwarudisha nyumbani watoto wasioleta, jambo ambalo ni kosa na linamwadhibu mtoto kwa umaskini wa mzazi wake. Njia ya pili ni nusu debe, na uji unakwisha kabla ya muhula.

Sasa waulize kila upande anataka nini hasa. Mwalimu mkuu hataki mahindi. Anataka watoto wasisinzie saa tano. Wazazi hawana chuki na uji. Wanaogopa kutoa kitu wasichojua kinakokwenda, na wengine mwezi Machi hawana kabisa. Mkishafika hapo, milango inafunguka. Mchango unaweza kutolewa baada ya mavuno badala ya Machi. Asiye na mahindi anaweza kuleta kuni, au kulima siku moja kwenye shamba la shule. Ghala likashikwa na wazazi wawili waliochaguliwa na mkutano, na kila Ijumaa ubao wa matangazo ukaonyesha kilichoingia na kilichotumika. Mkutano uandikiwe muhtasari, na utaratibu upitie kwa kamati ya shule na halmashauri ili uwe wa hiari kweli na wenye kibali.

Anayesema jambo hili linachukua muda mrefu anasema kweli. Ahesabu pia muda uliokwisha kwenye mivutano ya mwaka jana.

Mwalimu anayechelewa kila Jumatatu

Turudi kwenye swali la barua. Tuseme sekondari moja ya milimani. Mwalimu wa Kemia anachelewa kila Jumatatu na kipindi cha kwanza cha kidato cha tatu kinapotea. Mkuu ni kijana wa miaka thelathini na sita. Mwalimu ana hamsini na mbili.

Umri hapo si jambo dogo. Kwa mila zetu, mdogo ndiye anayetoa shikamoo, na baadhi ya wakuu vijana huacha kuwasalimu wazee waliowakuta shuleni wakidhani wanalinda cheo. Ni kosa la bure kabisa. Mwalimu mzee aliyenyimwa shikamoo asubuhi hatakusikiliza saa nne, hata uwe na hoja ya namna gani.

Mkuu akianza na barua, atajibiwa kwa barua: nilipata udhuru, usafiri ulikuwa mgumu. Walimu wenzake watasoma nyuso zao, wengine watamwonea huruma mzee, na chumba cha walimu kitagawanyika kabla ya saa sita. Akianza na mazungumzo, maneno yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo, mwalimu. Karibu ukae. Nimekuita kwa sababu kidato cha tatu wamekosa Kemia Jumatatu tatu mfululizo, na mtihani uko karibu. Nimeona ni vema nikuulize mwenyewe kabla ya kusikia kwa watu."

"Marahaba, mkuu. Mama mtoto anaumwa, yuko Handeni. Ijumaa nakwenda, na Jumatatu gari la kwanza kupanda huku linafika saa mbili na nusu."

"Pole sana, mzee wangu. Mbona hukuniambia?"

"Niliona utasema naleta visingizio."

Tazama jibu la mwisho. Mzee alikaa kimya wiki tatu kwa sababu alishaamua mkuu atasema nini. Sehemu hiyo ya ugomvi ni ya mkuu. Kubadilishana kipindi cha kwanza cha Jumatatu na mwalimu wa Jiografia ni kazi ya dakika kumi kwa mwalimu wa taaluma, yaani yule anayesimamia ratiba na masomo. Mzee naye anaweza kufidia vipindi vilivyopotea Jumatano jioni. Mkuu anaandika makubaliano hayo kwenye shajara yake na tarehe.

Mazungumzo ya namna hii yana mambo machache ya kushika:

- Yafanyike faraghani, na yawe siku ileile au inayofuata.
- Taja tendo na athari yake kwa watoto, usitaje tabia ya mtu. "Kipindi kimepotea" kinajibika. "Wewe ni mvivu" hakijibiki.
- Uliza kisha nyamaza. Watu wengi hutoa sababu ya kweli baada ya ile ya kwanza.
- Uliza pia: mimi nimechangia nini?
- Maliza kwa jambo moja lenye siku, litakaloweza kuangaliwa.

Na barua? Barua ina siku yake. Ikiwa mabadiliko ya ratiba yamefanyika, wiki zikapita, na kiti bado ni kitupu saa moja na nusu, mkuu aandike bila kusitasita, tena aandike vizuri: tarehe, vipindi, makubaliano yaliyovunjwa. Makosa mepesi ya nidhamu ya walimu hushughulikiwa shuleni. Mazito hupelekwa Tume ya Utumishi wa Walimu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambacho kina ofisi wilayani. Ofisi hiyo itauliza kwanza ulifanya nini kabla ya kufika kwao, na hapo shajara yako itakuwa na kazi.

Ila kama malalamiko ni dhidi ya mkuu mwenyewe, kwa mfano hesabu za ruzuku, asijaribu kuyasuluhisha yeye. Amwite Afisa Elimu Kata, msimamizi wa shule zote za kata, aongoze kikao, na yeye akae upande wa wanaojibu, na mafaili mezani. Nimeona hofu ya wakuu wengi ni kwamba wakifanya hivyo watashuka hadhi. Naamini kinyume chake. Mkuu anayefungua vitabu vya hesabu kabla ya kulazimishwa huwaacha wasemaji wa chini ya mwembe bila cha kusema.

Mzazi aliyekuja na hasira

Mzazi anaingia getini anapiga kelele, mwanawe kachapwa hadi kavimba. Mwalimu husika anajifungia ofisini, wanafunzi wako madirishani.

Hapa kujua kanuni ni nusu ya usuluhishi. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinasema adhabu hiyo itolewe na mkuu wa shule, au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, iandikwe kwenye kitabu maalumu, na msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike pale alipo. Mimi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni. Lakini hata anayeitetea hawezi kuvuka mipaka hiyo. Oktoba 2016 nchi nzima iliona video ya walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi Sekondari ya Kutwa ya Mbeya. Agosti 2018 huko Bukoba mtoto wa shule ya msingi alifariki baada ya kupigwa akituhumiwa kuiba pochi ya mwalimu. Tuhuma, hasira, fimbo, na hakuna hata mtu mmoja aliyesimama katikati kuuliza.

Kwa hiyo mzazi akifika, mkuu amtoe mbele ya watoto, ampe kiti na maji ya kunywa, amsikilize hadi mwisho bila kumtetea mwalimu. Amwite "mama" au "baba" kama anavyostahili, si "wewe mzazi". Mtoto apelekwe zahanati kwanza. Kisha kitabu cha adhabu kifunguliwe. Kama adhabu haikuandikwa, au ilizidi, mkuu aseme wazi kwamba kanuni imevunjwa na aeleze hatua atakazochukua. Kumlinda mwalimu kwa uongo kunamfundisha mzazi kwamba safari ijayo aje na wenzake.

Wanafunzi wanaponyamaza

Kenya imelipia somo hili kwa roho za watoto. Machi 2001 wanafunzi 67 waliteketea bwenini Kyanguli, Machakos, moto ukiwa umewashwa kwa makusudi. Mwaka 2016 shule zaidi ya mia moja ziliungua. Jambo lililorudiwa katika uchunguzi wa machafuko hayo ni kwamba wanafunzi hawakuwa na pa kusemea. Tangu 2009 Kenya ilikuwa imeanza kuunda mabaraza ambayo viongozi wake wanachaguliwa na wanafunzi wenyewe, badala ya kuteuliwa na walimu.

Huku kwetu tuna baraza la shule na sanduku la maoni, lakini ufunguo wa sanduku mara nyingi hupotea, na baraza hugeuka mahali pa mkuu kuhutubia. Jaribio rahisi la kujua kama baraza lako ni hai: taja jambo moja lililobadilika muhula uliopita kwa sababu mwanafunzi alilisema. Maharage yalichambuliwa wadudu? Bomba la bweni la wasichana lilitengenezwa? Ukikosa hata moja, kaka mkuu na dada mkuu wanalijua hilo kabla yako.

Handeni ina sababu ya ziada ya kuwa makini. Tangu 2022 familia za wafugaji kutoka Ngorongoro zimehamia Msomera, na madarasa yamepokea watoto wa Kimasai na wa Kizigua pamoja. Ugomvi wa ardhi na malisho wa watu wazima huingia darasani kwa njia ya matani makali, na baraza lenye watoto wa pande zote litausikia mapema kuliko ofisi.

Yasiyosuluhishwa

Yote niliyoyasema yana mpaka, na mpaka huo hauna ruhusa ya kuvukwa. Msichana amepewa mimba. Au mtoto, wa kike au wa kiume, amefanyiwa ukatili wa kingono na mwalimu, jirani au ndugu. Familia mbili zinakuja ofisini zikiwa zimeshakubaliana: ng'ombe, fedha, au ndoa. Wanamwomba mkuu "asilikuze", wamalizane kifamilia. Wazee wanaheshimika, diwani amepiga simu, na kila mtu anazungumza kwa upole.

Huo si ugomvi wa pande mbili unaotafutiwa njia ya tatu. Ni kosa la jinai, na tangu mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 kumpa mwanafunzi mimba kuna kifungo cha miaka 30. Mkuu anayekaa kuwasuluhisha anageuka sehemu ya kosa, na anayelipa ni mtoto ambaye katika kikao hicho hakuulizwa lolote. Kazi ya mkuu siku hiyo ni fupi: amweke mtoto mahali salama na mwalimu anayemwamini, ampeleke kituo cha afya, atoe taarifa kwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na kwa Afisa Elimu Kata, aandike saa na majina. Baada ya hapo azungumze na binti kuhusu kurudi shuleni, maana tangu Novemba 2021 aliyekatishwa masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua, na wazazi wengi wa vijijini bado hawajaambiwa. Wazee wakirudi kuuliza kama jambo limeisha, awajibu kwa heshima zote kwamba liko polisi, na kwamba jina la mtoto limebaki kwenye daftari la mahudhurio.